Gari la Mwalimu na Hesabu ya Lita

Kila tarehe 14 ya mwezi, jua likishatua, Wakenya wenye magari hutega masikio kama watahiniwa wanaosubiri matokeo. Ndio usiku ambao Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei ya mafuta itakayotumika kwa mwezi mzima unaofuata. Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 na kufika 211 na senti zake. Oktoba ikapanda tena hadi 217. Julai ya mwaka huo huo ushuru wa thamani (VAT) unaotozwa mafuta ulikuwa umeongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ada ya kutunza barabara nayo ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Bei ilikuja kuteremka baadaye, lakini hofu iliyoingia nyoyoni mwa watu wa mshahara haikuteremka nayo.

Ni hofu hiyo iliyomleta mpwa wangu nyumbani kwangu Jumamosi moja alasiri. Yeye ni mwalimu. Anaishi mjini Nakuru na anafundisha upande wa Njoro, kilomita kama 20 kutoka kwake. Ana mke, watoto watatu, na mama mkwe ambaye hana budi kupelekwa kliniki kila mwezi. Chama chake cha akiba na mikopo kilikuwa kimekubali kumkopesha fedha za kununua gari, naye alikuwa amekwisha kulichagua kwenye simu.

"Mjomba," aliniambia kwa furaha, "nimepata gari linalokwenda kilomita 35 kwa lita moja!"

Nilicheka, wala sikucheka kwa dharau. Miaka kadhaa iliyopita mimi pia nilikuwa na tarakimu kama hiyo mfukoni, nimeiandika kwenye karatasi na kuikunja kama hirizi. Yaliyonipata nitayasimulia hapa chini. Kwanza tuitazame hiyo 35 inatoka wapi, maana si uongo, na hapo ndipo penye mtego.

Gari alilolitaka ni Toyota Aqua, la aina inayoitwa haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Lilipozinduliwa nchini Japani Desemba 2011, lilipewa kipimo cha kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho, kilichojulikana kama JC08, hufanywa ndani ya jumba. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya mashine, likaendeshwa kwa utaratibu uliopangwa sekunde kwa sekunde. Mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 kwa saa na upeo wake haufiki 82. Hakuna mlima wala matope. Hakuna mama mkwe. Baadaye Wajapani wenyewe walikiona kipimo hicho kuwa cha kupendelea mno, na kuanzia 2017 wakaanza kukiacha na kufuata kingine kiitwacho WLTC, ambacho aghalabu hutoa tarakimu ndogo zaidi kwa gari lile lile. Kwa hiyo mnunuzi anayelinganisha gari lililopimwa kwa JC08 na jingine lililopimwa kwa WLTC ni sawa na mwalimu anayelinganisha alama za watoto waliofanya mitihani miwili tofauti.

Hata hivyo sikutaka mpwa wangu adhani kuwa haibridi ni ulaghai. Katika msongamano wa Mombasa Road au Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni, gari la namna hiyo huzima injini linaposimama, likaondoka kwa umeme, na linapofunga breki hurudisha sehemu ya nguvu betrini badala ya kuipoteza kuwa joto. Mkazi wa Nairobi anayeshinda barabarani ana sababu ya kulipenda. Lakini faida yake kubwa inatokana na kusimama na kuondoka. Barabara ya Nakuru kwenda Njoro asubuhi na mapema haina msongamano wa kusema kweli. Ni mwendo wa sawasawa, na hapo tofauti baina ya haibridi na gari dogo la kawaida hupungua.

Nikamwambia atoe kalamu.

Tulikadiria mwendo wake. Kwenda kazini na kurudi ni kilomita 40 kwa siku. Ukiongeza kliniki, kanisa, soko na safari za Kakamega wakati wa likizo, tukapata kilomita kama 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Kwa ajili ya hesabu tuliiweka petroli kuwa shilingi 180 kwa lita. Gari la kawaida lenye injini ya cc 1500, likiwa na afya njema, tulilipa kilomita 12 kwa lita, hapo tukimbana kidogo. Haibridi tukaipa 20, na hapo tulikuwa wakarimu kiasi. La kwanza lingetumia lita 1,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 180,000. La pili lingetumia lita 600, sawa na shilingi 108,000. Kwa hiyo angeokoa shilingi 72,000 kila mwaka.

Uso wake uling'aa. Nikamuuliza: hilo la haibridi linazidi lile jingine kwa bei gani? Akajibu kuwa kwa magari mawili aliyoyaona, tofauti ni shilingi 300,000. Basi gawa 300,000 kwa 72,000. Inapita miaka minne kabla hajarudisha hizo fedha za ziada. Na hizo fedha za ziada ni za mkopo. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka, shilingi 300,000 zitadai 36,000 katika mwaka wa kwanza pekee, nusu ya kile alichotarajia kuokoa. Kumbe angekuwa anahamisha fedha kutoka kituo cha mafuta kuzipeleka kwenye chama cha mikopo, huku akijiona mjanja.

Hesabu hiyo hiyo humpa mtu mwingine jibu tofauti kabisa. Anayekwenda kilomita 30,000 kwa mwaka, kama vile mwenye biashara ya kuzungukazunguka mjini, ataokoa lita 1,000, yaani shilingi 180,000, na tofauti ya bei ataimaliza kwa miezi 20. Gari ni lile lile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni mwenye gari. Ndiyo maana mimi humshangaa mtu anayeuliza "gari gani linakula mafuta kidogo" kabla hajajiuliza yeye mwenyewe huenda kilomita ngapi kwa mwaka, na wapi.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wa hisabati wangeweza kulipeleka darasani kesho asubuhi. Sisi hupima mafuta kwa kilomita kwa lita, na kipimo hicho hudanganya macho. Mtu akitoka kwenye mkweche unaokwenda kilomita 8 kwa lita akanunua gari la kilomita 12, ameongeza nne. Jirani yake akitoka kwenye la 20 akanunua la 24, naye ameongeza nne. Je, wameokoa sawa? Katika kilomita 12,000, wa kwanza alikuwa akitumia lita 1,500 na sasa anatumia 1,000: ameokoa lita 500. Wa pili alikuwa akitumia 600 na sasa anatumia 500: ameokoa lita 100 tu. Nchi nyingi za Ulaya huhesabu lita zinazotumika katika kilomita 100, na kwa hesabu hiyo ukweli huonekana mara moja. Fedha nyingi zimo katika kuuacha mkweche. Kule juu, ambako wauzaji hushindania tarakimu za 25 na 30, ni za kuhesabika.

Sasa niingie kwenye yaliyonipata mimi, maana yanahusu jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko aina ya gari. Nilinunua gari la familia katika yadi moja jijini, yadi yenye bendera na kahawa ya bure. Mita ya kilomita ilisoma 68,000. Rangi iling'aa, viti vilinukia sabuni. Muuzaji aliniambia kwa kiapo kuwa litakwenda kilomita 16 kwa lita. Nilipoanza kulitumia, halikufika 10. Nililipeleka kwa fundi wa jua kali niliyemwamini, mzee asiye na maneno mengi. Hakugusa injini kwanza. Alifungua mlango wa dereva na kutazama mpira wa pedali ya breki, ambao ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia. Kisha akafungua boneti na kunionyesha kibandiko kidogo kilichoandikwa Kijapani. Ni vibandiko ambavyo mafundi wa huko hubandika wanapobadilisha oili, wakaandika kilomita za siku hiyo au za huduma inayofuata. Kijapani sikijui, lakini tarakimu ni zile zile: 141,000. Aliyerudisha mita nyuma alisahau kubandua karatasi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma vibandiko hivyo. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: 29 ni 2017, 30 ni 2018, kisha hesabu huanza upya kwa enzi ya sasa, ambapo 1 ni 2019. Nimejifunza pia kudai cheti cha kuondoa gari katika usajili wa Japani, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa. Serikali ya huko hulazimisha ukaguzi wa kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu za wao kuyauza magari yangali na nguvu. Muuzaji akisema cheti kimepotea, na mimi hupotea.

Lakini si Japani pekee kunakotoka maovu. Gari langu lilikuwa limeharibiwa zaidi hapa hapa. Mzee yule aligundua kuwa themostati ilikuwa imetolewa. Hicho ni kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate joto lake. Imani imeenea katika gereji zetu kuwa nchi ya joto haihitaji kidude hicho, na fundi hukitupa kama anayemsaidia mwenye gari. Waama, injini isiyofika joto lake hudhani kuwa kungali asubuhi siku nzima, na kompyuta yake huendelea kuimiminia petroli ya ziada. Nakuru na Njoro, ambako asubuhi pumzi huonekana hewani, hasara hiyo ni kubwa kuliko Mombasa. Kuirudisha themostati kulinigharimu fedha chache kuliko tangi moja la mafuta.

Kwa hiyo nilimwagiza mpwa wangu mambo ya kutazama kabla ya kutoa hata shilingi moja. Awashe ufunguo bila kuwasha injini na kuangalia taa ya onyo la injini kwenye dashibodi. Taa hiyo lazima iwake, kisha izimike injini ikianza kuunguruma. Isipowaka kabisa, si dalili ya afya, kuna aliyeinyamazisha. Achungulie chini ya gari aone kama kile kichujio cha moshi katika bomba la ekzosi kingalipo, maana hung'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini ghali yaliyomo ndani yake. Aangalie kama springi zimeinuliwa na magurudumu makubwa kuliko ya asili kuwekwa ili gari lisiguse mawe. Wengi hufanya hivyo kwa sababu za haki, barabara zetu zikiwa zilivyo, lakini gurudumu kubwa huidanganya mita, na gari lililoinuliwa hupambana na upepo. Na asidanganywe na namba za usajili. Namba huonyesha gari liliingia Kenya lini. Halikuzaliwa siku hiyo. Gari lenye namba mpya linaweza kuwa na miaka saba mgongoni.

Kuhusu giaboksi nitasema kwa ufupi. Magari mengi madogo ya siku hizi hutumia ile isiyo na ngazi, yenye mkanda wa chuma ndani, na oili yake ni ya namna yake. Fundi akimimina oili yoyote ya gia za otomatiki, kwa kuwa "zote ni nyekundu", giaboksi huanza kuteleza, mafuta yakaliwa bure, na mwishowe bili yake ikafuta akiba ya miaka mitatu. Muulize muuzaji ni oili gani iliyowekwa mara ya mwisho. Akigugumia, endelea na safari yako.

Kwa haibridi kuna betri. Katika Aqua hukaa chini ya kiti cha nyuma, ikipozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Wajapani hawakuifikiria barabara ya vumbi ya Njoro wala koti la mtoto lililotupwa juu ya tundu. Vumbi likiziba, betri hupata joto, na joto huifupishia maisha. Kusafisha tundu na feni ni kazi ya saa chache, lakini sijapata kuona yadi inayomweleza mnunuzi habari hiyo.

Tena familia si dereva peke yake. Watu sita katika gari dogo la cc 1000, na gunia la viazi, likipanda kuelekea Timboroa ambako hewa ni nyepesi, injini hulia hadi ukaionea huruma. Dereva hulazimika kukanyaga hadi mwisho, na gari lililosifiwa kwa kubana mafuta huyanywa kuliko kaka yake wa cc 1500 anayepanda kwa utulivu. Na hao watu sita, katika gari lililoandikishwa kwa watu watano, ni kesi nyingine mbele ya askari wa barabarani.

Hapa ndipo ninapowageukia wanaotunga sera. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari yanayoagizwa uliongezwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na asilimia 25 kwa nyingi zilizozidi hapo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla. Chukua gari lenye thamani ya shilingi 100 linapofika Mombasa: forodha hulifanya 135, ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hulifikisha 162, na VAT karibu 188, kabla ya ada nyingine ndogo ndogo. Sibishi kuwa serikali inahitaji mapato. Ninachouliza ni kwa nini mizani iwe ukubwa wa injini badala ya mafuta yanayochomwa. Toyota Prius yenye injini ya cc 1800 na mota ya umeme huangukia katika kiwango cha juu, ilhali hutumia mafuta machache kuliko magari mengi ya cc 1500 yanayofurahia kiwango cha chini. Tumeadhibu kipimo cha chungu bila kujali kuni zinazotumika.

Isitoshe, kuna sheria ya miaka minane inayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kila Januari mwaka mmoja hudondoka: ilipoingia 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa tena. Nia ni njema, kuikinga nchi isiwe jaa la vyuma vya watu. Hata hivyo sheria hiyo na ushuru ule kwa pamoja vimepandisha bei ya gari linaloingia hadi mwalimu wa kawaida hulitazama kupitia kioo cha yadi tu. Yeye hurudi kwenye soko la ndani, kununua gari la mkono wa pili au wa tatu wa Kenya, na huko hakuna anayekagua mita wala themostati. Mlango wa mbele una bawabu. Wa nyuma uko wazi. Kama muuzaji angelazimishwa kisheria kuandika katika mkataba kilomita alizozisoma na kuwajibika zikionekana za uongo, nadhani vibandiko vingeaminika zaidi na waongo wangepungua.

Mpwa wangu aliondoka bila kufurahi sana. Alizunguka wiki sita. Mwishowe alinunua Toyota Fielder ya petroli, cc 1500, kutoka kwa muuguzi aliyekuwa akistaafu, ambaye alikuwa amehifadhi risiti zote za huduma katika faili moja. Tofauti ya bei hakuikopa kabisa.

Nilimwelekeza namna ya kupima: ajaze tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe, arudishe mita ya safari kwenye sufuri, aendeshe hadi tangi likaribie kuisha, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile na kugawa kilomita kwa lita. Jaribio la kilomita kumi halina maana, kwa kuwa kosa la nusu lita huliharibu lote. Amefungua daftari la mazoezi lenye mistari na kuandika tarehe, kilomita na lita kama anayesahihisha kazi ya wanafunzi. Tangi la kwanza lilitoa 13.1. La pili, baada ya kwenda Kakamega na kurudi, 14.6. La tatu likashuka hadi 11.8, naye akanipigia simu saa nne usiku akiwa na wasiwasi. Nilimwambia alale, na asubuhi aanze kwa kupima upepo wa magurudumu.